Usawa wa Maji Usiotarajiwa katika Modeli za Mifereji Wazi: Chanzo Hutafutwa Wapi?

Modeli ya haidroliki ya mfereji wazi, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga mwendo wa maji, iwe ni ya mto, ya mfereji wa umwagiliaji au ya mtaro wa maji ya mvua, hutarajiwa zaidi ya yote kusema maji yatafika wapi. Kutokana na jibu hilo urefu wa tuta huamuliwa, sakafu ya daraja huwekwa na mpaka wa eneo la mafuriko huchorwa. Kwa hiyo matokeo yanapoonyesha maji yamepita alama za mafuriko zilizopimwa kwa mita nzima, au yameshuka chini ya kina ambacho kila anayeufahamu mto huo angekikataa, mhandisi hana budi kujua sababu kabla ya kubadili namba yoyote. Utafutaji huo una mwelekeo wake, na mwelekeo huo umewekwa na fizikia ya maji yenyewe. Katika mito na mifereji mingi, sababu ya usawa wa ajabu iko upande wa chini wa mahali unapoonekana, na namba ya ukwaru (kipimo cha jinsi kingo na sakafu zinavyoyakwamisha maji), ambayo wengi huikimbilia kwanza, ndiyo inayopaswa kuguswa mwisho.

Jambo hili linaeleweka vizuri kwa mfano wenye hesabu. Chukua mfereji wa mstatili wenye upana wa mita 10, mteremko wa 0.0005 (yaani nusu mita kwa kila kilomita), namba ya ukwaru ya 0.025 na mtiririko wa mita za ujazo 20 kwa sekunde. Kanuni ya Manning, iliyowasilishwa na mhandisi Robert Manning nchini Ireland mwaka 1889 na inayotumika hadi leo, inatoa kina cha takribani mita 1.84. Hiki ndicho kina cha kawaida, yaani kina ambacho maji hukishika pale nguvu ya mteremko inapolingana na msuguano wa kingo na sakafu. Kasi ya maji ni kama mita 1.09 kwa sekunde, ilhali wimbi dogo juu ya maji ya kina hicho husafiri kwa takribani mita 4.2 kwa sekunde. Ukiigawa kasi ya maji kwa kasi ya wimbi unapata namba ya Froude, ambayo hapa ni 0.26. Kwa kuwa iko chini ya 1, wimbi linaweza kupanda dhidi ya mkondo, na kizuizi chochote kilichoko mbele hujulikana nyuma. Mtiririko wa namna hii tuuite mtiririko tulivu.

Namba ya Froude inapofika 1 maji yako kwenye kina mpito, ambacho kwa mfereji huu ni mita 0.74. Yakiwa na kina pungufu ya hapo kwa mtiririko uleule, maji hukimbia kuliko wimbi lake, habari za mbele haziwezi kurudi nyuma, na anayetafuta chanzo cha kasoro hulazimika kutazama upande wa juu. Hivyo kabla ya swali jingine lolote, soma namba ya Froude katika eneo lenye shaka. Ni safu moja tu katika jedwali la matokeo, lakini ndiyo inayokuambia uelekee wapi.

Mpaka wa chini

Katika mtiririko tulivu hesabu huanzia mkato wa mwisho upande wa chini (mkato ni umbo la mto lililopimwa kutoka ukingo hadi ukingo mahali pamoja) na kupanda juu, mkato baada ya mkato. Usawa uliowekwa pale mwishoni ndio mwanzo wa yote, na ukiwa na kosa, kosa hilo hupanda nao. Umbali linaopanda unaweza kukadiriwa: zidisha kina kwa 0.7, kisha gawanya kwa mteremko. Kwa mfereji wetu jibu ni takribani kilomita 2.6. Hii ina maana kwamba kama eneo unalolichunguza liko kilomita moja tu kutoka mwisho wa modeli, usawa unaousoma hapo ni wa mpaka uliouweka mwenyewe kwa kiasi kikubwa, na wa mto kwa kiasi kidogo. Katika maeneo tambarare zaidi, ambako mteremko ni mmoja kwa elfu kumi au chini ya hapo, umbali huo huwa makumi ya kilomita.

Jaribio lake ni rahisi na linapaswa kufanywa kwa kila modeli bila kusubiri tatizo. Endesha modeli mara tatu, mara ya kwanza kwa usawa wa mpaka uliouchagua, mara ya pili ukiuinua na mara ya tatu ukiushusha kwa kiasi kinachowezekana kihalisia, kisha chora mistari mitatu ya maji juu ya mchoro mmoja. Ikiwa mistari inakutana kabla ya kufika eneo lako, mpaka hauna hatia. Isipokutana, refusha modeli kuelekea chini au tafuta usawa wa kweli uliopimwa.

Makosa ya mpaka yana sura zake. Mojawapo ni kuchagua kina mpito kama sharti la mwisho pahali ambapo mto hauna maporomoko wala ukuta wa kumwagikia maji. Matokeo yake mstari wa maji huinama kuelekea mwisho kana kwamba mto unaanguka shimoni. Jingine ni la mteremko. Programu nyingi humruhusu mtumiaji kutoa mteremko ili zenyewe zikokotoe kina cha kawaida, na mteremko unaohitajika hapo ni uwiano mtupu wala si asilimia. Mteremko wa mfereji wetu kwa asilimia ni 0.05, na mtu akiiandika namba hiyo ilivyo ameuzidisha mara mia. Kina cha kawaida kwa mteremko huo kingekuwa mita 0.42, kidogo kuliko kina mpito, na programu iliyoagizwa kukokotoa mtiririko tulivu ingelazimika kuanza na mita 0.74 badala ya 1.84. Maji yanapungua kwa zaidi ya mita moja, na hakuna kitu katika mikato wala katika ukwaru kitakachoeleza upungufu huo. Kosa la tatu ni kuuchukua mteremko wa sakafu kati ya mikato miwili ya mwisho, ambapo shimo au kilima kidogo cha mchanga kinaweza kuugeuza kabisa. Mteremko wa kutumia ni wa sehemu ndefu ya mto, na uliopimwa juu ya maji ni bora zaidi.

Mstari wa maji wenye meno

Kuna dalili moja ambayo ukishaijua hutaisahau: mstari wa maji unaogusa kina mpito katika mkato mmoja, unaruka juu katika unaofuata, kisha unashuka tena, kama meno ya msumeno. Katika hali hiyo programu imeshindwa. HEC-RAS, programu ya Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, hutafuta usawa wa maji katika kila mkato kwa kulinganisha nishati ya mkato huo, inayoelezwa kwa mita za kimo cha maji, na ya ule wa chini yake. Isipopata jibu linalolingana baada ya majaribio yake, huweka kina mpito, huandika onyo na kuendelea na mkato unaofuata. Mchoro hutoka, jedwali hujaa, na mtu asiyesoma maonyo huamini kwamba amepata jibu.

Chanzo cha mara kwa mara ni mikato iliyo mbali mno. Hesabu ya mkato kwa mkato hudhani kwamba hali hubadilika polepole kati ya mikato miwili, na programu hiyo hiyo humwonya mtumiaji pale upotevu wa nishati kati ya mikato unapozidi mita 0.3, pale kimo cha nishati ya kasi kinapobadilika kwa zaidi ya mita 0.15, au pale uwezo wa mkato mmoja wa kupitisha maji ukigawanywa kwa uwezo wa mwenzake unapotoka nje ya 0.7 hadi 1.4. Tiba ni kuongeza mikato, na hapa nashauri uangalifu: mikato inayobuniwa na programu kati ya miwili iliyopimwa hutuliza hesabu, lakini haileti habari yoyote mpya kuhusu mto. Pale umbo la mto linapobadilika kweli, mkato upimwe.

Chanzo kingine ni kuagiza aina moja ya mtiririko katika mto wenye aina mbili. Sehemu yenye mteremko mkali ikikokotolewa kama mtiririko tulivu, mikato yake yote itatoka ikiwa na kina mpito, kwa sababu jibu la kweli liko chini ya hapo na programu imekatazwa kwenda huko. Endesha modeli kwa namna inayoruhusu aina zote mbili, na utaona maji yakishuka kwa kasi kwenye mteremko na kupanda ghafla yanapofika kwenye tambarare, katika ule mchafuko mweupe uitwao mruko wa maji. Hata hivyo, ukiona mto wa asili unakimbia kwa namba ya Froude ya 1.5 kwa kilomita kadhaa, kuwa na shaka, kwa maana mito ya mawe na changarawe haiendi hivyo kwa umbali mrefu, na huenda ukwaru uliopewa ni mdogo mno.

Umbo la ardhi

Baada ya mpaka na aina ya mtiririko, makosa mengi yaliyosalia yamo katika vipimo vya ardhi. Anza na usawa wa rejea. Usawa wa maji ni urefu wa sakafu ukijumlisha kina, kwa hiyo kina kinaweza kuwa sahihi kabisa huku usawa ukiwa umekosewa. Vifaa vya satelaiti hutoa urefu kutoka kwenye umbo la kihisabati la dunia, ilhali ramani na alama za upimaji hutumia urefu kutoka usawa wa bahari, na tofauti ya viwili hivyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali, ikifikia takribani mita 100 katika baadhi ya sehemu za dunia. Tofauti kubwa hujidhihirisha yenyewe. Inayodhuru ni ile ya sentimita 30 kati ya alama ya zamani na upimaji mpya, kwa sababu inafanana mno na kosa la ukwaru. Dalili yake ni kwamba hitilafu inabaki ileile katika mtiririko mdogo na mkubwa, na mara nyingi inaanzia penye mpaka kati ya kazi mbili za upimaji.

Jambo la pili linahitaji kutazamwa kwa karibu, kwani linazidi kuenea kadiri data za angani zinavyopatikana kwa urahisi. Miale ya leza inayotumika kwa kawaida kupima ardhi kutoka kwenye ndege haipenyi maji. Inachorudisha ni uso wa maji uliokuwepo siku ya upimaji. Kama siku hiyo mfereji wetu ulikuwa na maji ya sentimita 80, ramani ya ardhi itaonyesha sakafu bapa iliyo juu ya sakafu ya kweli kwa sentimita 80. Modeli itaweka kina chake cha mita 1.84 juu ya sakafu hiyo ya uongo, na usawa wote utapanda kwa sentimita 80. Fungua mkato mmoja mmoja na utazame: mto wenye sakafu iliyonyooka kama meza, bila mfereji wa ndani wala upande wenye kina zaidi, karibu kila mara ni uso wa maji uliodhaniwa kuwa ardhi. Ramani hizo hizo zinaweza pia kubeba sakafu ya daraja kana kwamba ni ukuta kamili wa udongo, na hapo modeli hujenga bwawa ambalo halipo.

Mikato yenyewe ina kanuni zake. Inapaswa kukata mwelekeo wa maji kwa pembe ya mraba. Mkato uliolala kwa nyuzi 30 huongeza upana, na hivyo eneo la kupitishia maji, kwa takribani asilimia 15, na maji hushuka isivyo halali. Inapaswa pia kufika kwenye ardhi ya juu pande zote mbili. Mkato mfupi unapofurika, programu husimamisha ukuta wima mwishoni mwake na kuyazuia maji ambayo kihalisia yangeenea uwandani, kwa hiyo usawa hupanda bila kikomo cha maana. Kinyume chake hutokea nyuma ya matuta. Modeli ya mwelekeo mmoja hujaza kila sehemu iliyo chini ya usawa wa maji, hata kama tuta halijafurikwa, isipokuwa mtumiaji ameweka alama ya tuta. Ukikuta maji kwenye bonde lililotengwa huku mto ukiwa bado haujajaa, umepata eneo la bure ambalo mto halisi hauna, na usawa unaoonyeshwa uko chini mno. Vivyo hivyo sehemu zilizojikinga nyuma ya miinuko ya barabara karibu na daraja: maji yapo pale lakini hayasafiri, na yasipotengwa yatahesabiwa kuwa yanasaidia kupitisha mafuriko.

Kuhusu madaraja, makalavati na kuta za kumwagikia maji, kagua vipimo vya uwazi, urefu wa ukingo wa juu na namba za upotevu, kisha kagua vizio vya upimaji, kama ni mita au futi. Namba inayotumika katika kanuni ya ukuta mpana wa kumwagikia maji ni takribani 1.7 kwa mita na takribani 3.1 kwa futi. Anayeiingiza 3.1 katika modeli ya mita anaufanya ukuta upitishe karibu mara mbili ya uwezo wake, na kimo cha maji juu yake kinapungua kwa theluthi moja.

Muda, seli na uhasibu wa maji

Modeli zinazofuata mabadiliko ya wakati, zinazotatua milinganyo iliyochapishwa na Mfaransa Saint-Venant mwaka 1871, huleta maswali ya ziada. La kwanza ni la uhasibu: je, maji yote yaliyoingia yametoka au yamehifadhiwa? Tofauti ikiwa kubwa kuliko asilimia moja au mbili, kuna maji yanayozaliwa au kupotea katika hesabu. Usawa unaopanda na kushuka kwa haraka ilhali mtiririko unaoingia unabadilika polepole ni mtikisiko wa hesabu, na hupungua unapofupisha hatua ya muda. Jaribio la haki ni kuipunguza hatua hiyo kwa nusu na kurudia. Jibu likibadilika, la kwanza halikuwa limetulia. Katika modeli za seli, zinazoigawa ardhi katika vipande vidogo vingi, tazama mistari ya seli juu ya matuta. Seli iliyokalia tuta bila ukingo wake kufuata kilele cha tuta itaunganisha pande mbili kupitia sehemu yake ya chini, na maji yatavuka tuta kavu.

Ukwaru, mwisho wa yote

Ni baada ya hayo tu ndipo inafaa kuigusa namba ya ukwaru. Si kwamba haina nguvu. Ina nguvu kupita kiasi. Katika mfereji wetu, kuipandisha kutoka 0.025 hadi 0.030 kunapeleka kina kwenye mita 2.08, na kuifikisha 0.035 kunakipeleka mita 2.31. Namba zote tatu zinaweza kutetewa kwa mfereji wa udongo, kutegemea majani na matunzo, kwa hiyo karibu nusu mita ya maji inaweza kufichwa ndani ya uamuzi mmoja. Hapo ndipo namba hii inapogeuka kapu la kutupia makosa yote: sakafu iliyopandishwa na leza hufidiwa kwa ukwaru mdogo, tuta lililosahaulika hufidiwa kwa ukwaru mkubwa, na modeli inalingana na mafuriko ya mwaka mmoja kisha inakosea vibaya katika mafuriko ya mwaka mwingine. Zege laini huwa karibu 0.013, mito safi ya asili karibu 0.030, yenye majani na mashimo 0.035 hadi 0.050, na uwanda wenye vichaka vizito hufika 0.10 au zaidi. Ukilazimika kumpa mto wenye majani ukwaru wa zege ili mistari ilingane, rudi kwenye mikato, kwa maana tatizo liko huko.

Kagua pia kile unacholinganisha nacho. Alama za mafuriko ukutani zinaweza kuwa za mawimbi au takataka zilizorushwa juu, sifuri ya kipimo cha mto inaweza kuwa imehamishwa, na mtiririko wenyewe mara nyingi umesomwa kutoka kwenye mchoro wa uhusiano wa usawa na mtiririko uliorefushwa kupita vipimo vyovyote vilivyowahi kuchukuliwa.

Tena, kuna nyakati ambapo modeli iko sahihi na tarajio ndilo limekosea. Ukiubana mfereji wetu kutoka mita 10 hadi 6, wengi watatarajia maji yapande ndani ya mbano. Kinyume chake, bila kuhesabu upotevu wa nishati, kina kinashuka kutoka mita 1.84 hadi takribani 1.71, kwa sababu sehemu ya nishati imegeuka kuwa kasi. Kupanda kunakotokana na upotevu huonekana upande wa juu wa mto, kabla ya mbano. Katika mafuriko yanayopita kwenye mto wenye mteremko mdogo, usawa wa juu kabisa hufika baada ya mtiririko wa juu kabisa kupita, na usawa uleule hubeba maji mengi zaidi mafuriko yanapopanda kuliko yanaposhuka. Ukichora mtiririko dhidi ya usawa unapata kitanzi badala ya mstari mmoja. Kitanzi hicho kipo katika mto wenyewe, na modeli isiyokionyesha katika mto wa namna hiyo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa.